Uso wa Mvua Kubwa

Haya maneno siandiki, nasema. Simu iko hapa mezani karibu na sufuria ya maharagwe, mimi naongea na yenyewe inaandika. Vifundo vya mikono vilikataa kazi. Daktari alisema ni kuandika sana na kufua sana, nichague moja niache. Ukiwa na watoto wanne huwezi kuacha kufua, kwa hivyo niliacha ofisi. Ndio maana mnasikia naitwa mstaafu na sijafika hamsini. Mkiona neno limekaa vibaya, si mimi, ni simu.

Mwalimu wenu wa darasa la jioni aliniomba niwaambie vile tulikuwa tunafanya kazi ya ile app ya hali ya hewa, ndio nyinyi mnaoichukua sasa msianze na sifuri. Nilimwambia sawa, lakini sina masomo ya kuwapa, niko na hadithi tu. Na hata nikizunguka wapi, hadithi yangu inarudi kwa mama mmoja wa Longonot anaitwa Tabitha, na punda wake, na kosa nililofanya kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikiwa naomba asubuhi bado naitaja hiyo siku. Si kwamba sijasamehewa. Ni ndio nisisahau.

Lakini wacha nianze na ngazi.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la vifaa vya shamba hapa Nakuru mjini. Ngazi kumi na nane. Nazijua kwa sababu nilizipanda kila siku saa nne na thermos mbili, moja ya chai ya maziwa, moja ya mkandaa, bila maziwa, kwa wale wa ulcers. Mimi nilikuwa mama wa chai. Wale vijana walikuwa wanatengeneza app ya kuambia watu kama kutanyesha, na mimi sikujua app ni nini. Nilijua tu mwenye anaweka sukari tatu.

Jioni, nikishamaliza kuosha vikombe, nilikuwa naenda kusoma kompyuta. Shule niliacha kidato cha pili, na nilikuwa nimemwambia Mungu akinipa nafasi ya kumaliza sitamwaibisha. Kuandika tulifundishwa na Mwalimu Kiprono, mzee wa Rongai ambaye haoni tangu azaliwe. Kila mtu aliambiwa abebe leso. Unajifunika mikono na hiyo leso, unaandika bila kuangalia. Mimi nilikuwa nachungulia. Anasikia tu vile vidole vinasita, anakuja polepole na fimbo yake, anasema, "Mama Shiru, macho yako yanakuchelewesha."

Sasa siku moja saa nne na dakika chache nasikia ile fimbo kwa ngazi. Tak, tak. Nikashika trei vizuri.

"Bosi yuko?"

"Ametoka, mwalimu. Karibu chai."

"Chai baadaye. Wewe utanitosha." Akanipa simu yake. Skrini ilikuwa nyeusi kabisa, kwa sababu yeye mwangaza ni wa nini, anaokoa betri. Simu yake ilikuwa inasoma kwa sauti kila kitu unagusa. "Niambie kama kesho naweza anika mahindi."

Nikafungua app kwa kupapasa. Nikagusa juu. Simu ikasema, "Kitufe." Nikagusa kando. "Kitufe." Nikashuka chini. "Picha." Nikaenda tena. "Picha. Picha. Kitufe."

"Mwalimu, hii simu imeharibika."

"Simu ni nzima. Hiyo ni kazi ya hao vijana unawapikia chai."

Pale kwa meza alikuwa Kevo, ndiye alikuwa anaandika code. Alikuwa na mandazi mdomoni. Akasema, "Lakini mzee, hao wasioona ni wasee wangapi kwani?"

"Mimi ni mmoja," mwalimu akasema. Akapapasa kiti cha bosi, akakaa. "Na niko hapa mpaka mahindi yakauke."

Alikaa mpaka saa nane. Bosi aliporudi alimkuta kwa kiti chake, anakunywa mkandaa, na Kevo yuko na kitambaa machoni anatafuta mvua kwa simu. Hivyo ndivyo kazi yangu ilianza. Bosi aliuliza nani anaweza kuandika maneno nyuma ya kila picha, ndio simu iwe na kitu cha kusoma. Kazi ndefu, ya kuchosha, hakuna kijana alikuwa anaitaka. Mwalimu akasema, "Mpe huyu mama. Anaandika bila kuangalia, siku zile hachungulii."

Nilikuwa najivunia hiyo kazi. Nilikuwa naangalia kila picha kama nimepewa nyumba ya kupamba. Niliandika, "Wingu la kijivu lenye matone matatu, na jua linachungulia upande wa kulia." Nikampelekea mwalimu asikie. Alisikiliza yote.

"Imekuwaje?"

"Ni nzuri. Inafaa kuimbwa." Akarudisha simu. "Mama Shiru, mimi sijawahi ona kijivu. Hilo jua linachungulia nani? Niambie nianike ama nisianike."

Kwa hivyo hilo mlishike. Usielezee picha vile inaonekana, sema kazi yake. "Mvua mchana, jua jioni." Imeisha. Na ujumbe wa hatari uwe wa kwanza, kabla ya jina la app, kabla ya nembo za wale waliosaidia. Kuna wakati mtu alikuwa anasikiliza nembo sita ndio afikie mafuriko. Na msiseme hatari kwa rangi peke yake. Kevo aliniwekea duara jekundu, nikamuuliza ile duara ukiigusa inasema nini. Akaigusa. "Picha." Akacheka mwenyewe. Na vitufe viwe vikubwa, kwa sababu kuna mikono imevimba kama yangu sasa, na kuna mikono iko na unga. Na usijaribu app ukiwa ofisini tu umekaa kwa kivuli. Peleka kwa jua la saa saba uone kama kuna kitu inaonekana.

Mwalimu alitutoka, Mungu amlaze pema. Mpaka leo nikiona mahindi yameanikwa kwa turubai kando ya barabara ya Rongai, naangalia juu kwanza.

Sasa, Tabitha.

Baada ya hiyo kazi ya wasioona kuenda vizuri, bosi akasema tuangalie wale wasiosikia. Kevo alifikiri hiyo ni rahisi. "Mathe, hao si wanaona? Watasoma." Mimi pia nilifikiri hivyo. Tuliulizia kule Gilgil, kuna kikundi cha viziwi kinakutana kanisani kila mwezi, wanatoka mpaka Longonot. Wakatuambia wengi wao lugha yao ni ishara. Kiswahili cha kuandikwa wanasoma, lakini ni kama wewe kusomewa onyo kwa lugha ulifundishwa shule tu na mwalimu mkali. Utaelewa, lakini baadaye. Na mafuriko hayangoji baadaye. Wakaomba video fupi, mtu anatoa ishara, zisile data.

Mtu wa ishara nilikuwa naye. Dorcas, msichana wa kanisa letu, anatafsiri mahubiri kila Jumapili akiwa amesimama kando ya madhabahu. Anasikia kama mimi na nyinyi, lakini mama yake ni kiziwi, ishara alinyonya na maziwa. Tukaenda kurekodi kwa chumba cha nyuma cha kanisa, tukatundika pazia la bluu. Kevo akashika kamera.

Tulianza na jua. Sawa. Upepo, sawa. Tulipofika mvua kubwa, Dorcas akavimbisha mashavu, akakunja macho, mabega yakapanda, mikono ikashuka kwa nguvu, mdomo ukapinda kama mtu ameshikwa na tumbo. Mimi nikasema simamisha.

"Dorcas, mbona unakunja uso hivyo?"

"Ni mvua kubwa, mama."

"Najua, lakini hii itaonekana na watu wote. Wakubwa pia. Tuliza uso kidogo."

"Mama Shiru, uso ndio unabeba uzito. Mikono inasema mvua. Uso ndio unasema ni ya kiasi gani."

"Si utaongeza mikono?"

"Haiongezeki hivyo."

Mngekuwa mnajua kanisa letu mngeelewa. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kina mama. Dorcas nilimfundisha Sunday school, nilimfunga kamba za viatu. Nilimwambia, "Simama tu kama unasoma matangazo kanisani. Uso wa ibada." Akaniangalia. Halafu akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, mama," na akarekodi mvua kubwa na uso mtulivu kama maji ya birika lililopoa. Nilimpongeza. Nilisema Bwana asifiwe.

Tukapeleka Gilgil wajaribu. Nilibeba mkate na majani ya chai. Watu kama ishirini wamekaa kwa ukumbi, tunawaonyesha video moja moja, na baada ya kila video namwambia Dorcas awaulize, "Mmeelewa?" Wote wanainua mikono na kuitingisha hewani, hivyo ndivyo wanapiga makofi. Ukumbi wote mikono inametameta. Nililia, siwafichi.

Mmoja tu alikuwa hatingishi. Mama mwembamba, amefunga leso ya kijani, amekaa karibu na mlango. Aliuliza kitu. Dorcas akasita kunitafsiria.

"Anasema nini?"

"Anauliza kama dada wa kwa video ni mgonjwa."

Watu wakacheka bila sauti, mabega tu. Mimi nikacheka pia. Nikasema, "Mwambie hiyo ni heshima." Huyo ndiye alikuwa Tabitha.

Kama hamjui Longonot, huko chini ya mlima udongo ni majivu, ni laini, mvua ikipita inachimba makorongo. Korongo linakaa kavu miezi, watu wamelifanya njia. Kwako kunaweza kuwa na jua kabisa, na huko juu kunanyesha, na hayo maji yanakuja chini yote pamoja. Mtu anayesikia ana bahati, kwa sababu maji hayo yanavuma. Wanasema ni kama lori limeshuka bila breki. Unasikia, unapanda ukingo, unangoja yapite. Tabitha hawezi kusikia hilo lori. Na yeye huvuka kila siku na punda. Asubuhi anapeleka maziwa ya majirani senta, kule kwa maduka, mchana anarudi na mitungi mitupu. Aliweka app yetu kwa simu kwa sababu hiyo peke yake.

Ile mvua ndefu ya masika ilipoanza, app ilifanya kazi yake. Kevo mpaka leo atawaambia data ilikuwa sawa, na ni kweli. Onyo lilitoka mapema. Tabitha alifungua simu akiwa senta, akaona dada amesimama ametulia, mikono inasema mvua, mlima. Uso unasema hakuna neno. Akaona ni manyunyu. Akafunga leso, akachukua punda, akaingia korongo.

Alihisi miguuni kwanza. Alisema udongo ulitetemeka, akageuka, akaona maji yamesimama kama ukuta wa rangi ya chai. Alishika mizizi ya kichaka cha leleshwa kwa ukingo. Kamba ya punda ilikuwa imezunguka mkono wake, ikavuta mpaka ikakatika. Yeye alitoka. Punda hakutoka.

Habari ililetwa na Dorcas. Alipanda zile ngazi kumi na nane hajavaa sweta, akanikuta naosha vikombe, kwa sababu hata nilipopewa kazi ya kompyuta vikombe niliendelea kuosha. Aliniambia yote amesimama. Kevo akasema, "Lakini mathe, warning si tulituma?"

Nikamwambia, "Tulituma. Tulituma na uso wangu."

Tukaenda Longonot siku iliyofuata, mimi na Dorcas. Mama mkwe wa Tabitha alitupokea, akatuwekea chai, akatuombea viti kwa jirani. Tabitha hakutusalimia. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa pale kamba ilikata. Alichukua simu ya Dorcas, akatafuta ile video, akaiweka mezani icheze. Halafu akasimama mbele yangu. Akafanya ile mikono ya Dorcas, vilevile, na uso mtulivu wa ibada. Akangoja niangalie vizuri. Halafu akafanya mara ya pili, na uso wake.

Sijui niwaambie aje. Nimeona mvua miaka yote, nimenyeshewa nikiwa na mtoto mgongoni, lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuogopa mvua nikiwa ndani ya nyumba kavu. Nilirudisha kiti nyuma.

Akauliza kitu, akiangalia Dorcas. Dorcas akaangalia chini.

"Anauliza nini?"

 Nikarudia. Akasema polepole, "Anauliza ni nani aliniambia nifanye hivyo."

Na hakuendelea. Nilimwona vile amefunga mdomo. Huyo msichana alikuwa tayari kubeba hilo jambo, kwa sababu ya zile kamba za viatu na Sunday school. Ningenyamaza, ingeisha hapo. Ningerudi Nakuru na jina langu nzima. Nataka mjue kwamba nilifikiria. Ilikuwa kidogo, kama mtu anameza mate, lakini nilifikiria.

Nikainua mkono. Hiyo haikuhitaji mtafsiri.

Tabitha aliniangalia. Halafu akapitisha kiganja chake usoni, kutoka paji mpaka kidevu, polepole, kama mtu anapiga pasi. Dorcas akaniambia hilo sasa ni jina langu. Viziwi hukupa jina la ishara kwa kitu wanakukumbukia. Mpaka leo, Gilgil yote, mimi ni huyo. Uso wa pasi. Nimelipokea.

Nilimwambia tutarekodi tena. Akanionyesha simu yake. App alikuwa ameitoa. "Nitaangalia mlima mwenyewe," alisema. Lakini mlima hauonekani ukiwa ndani ya korongo, na yeye alikuwa anajua hivyo kuliko mimi. Mvua fupi za vuli zilikuwa mbele, na yeye bado lazima avuke na maziwa, siku hizo akiyabeba mgongoni. Nilirudi nyumbani na hiyo picha. Kila wingu likitoka upande wa Menengai, mimi nawaza Longonot.

Nilifunga na kuomba Jumatano tatu. Sikupata ndoto wala sauti. Nilipata tu akili ya kawaida, ambayo pia inatoka kwa Mungu. Nikarudi huko na Dorcas, nikamwambia Tabitha, "Mimi sitaki kukurekodia mvua. Nataka wewe ndiwe urekodi."

Alicheka. Alimwuliza Dorcas kama nimeleta mkate tena.

"Mwambie nimeleta," nikasema, kwa sababu nilikuwa nimeleta.

Basi akakaa chini, akasema yake. Onyo likija, simu itetemeke kama mtu amekushika bega na kukugeuza. Si kama ujumbe wa matangazo. Na kitu kingine, alisema, acheni kutuuliza kama tumeelewa. "Wewe ulikuja mgeni, umebeba mkate, unatabasamu. Nani angekuaibisha mbele ya watu? Tungesema tumeelewa hata ungetuonyesha ukuta."

"Sasa niulize aje?"

"Niulize nitafanya nini."

Andikeni hiyo mahali. Nilifanya hii kazi miaka mingi, na hakuna mtu wa vyeti alinifundisha kitu inapita hiyo. Mtu akishaona onyo lako, muulize, sasa utafanya nini? Akisema ataanua mahindi, umefanya kazi. Akisema asante ni nzuri sana, rudi mezani uanze upya.

Kevo alishughulika na mtetemo wiki mbili. Alikuwa anatembea mjini na simu ndani ya soksi ajue kama anahisi. Tabitha alikuwa anakataa tu. Alifunga simu kwa leso hapa ubavuni, akatembea, akatingisha kichwa, hapana. Mtetemo wa tano ndio ulimfanya aruke, akampiga Kevo bega. Kevo akasema, "Hiyo ndio iko fiti?" Hakungoja kutafsiriwa.

Siku ya kurekodi alikuja Nakuru amevaa ile leso ya kijani. Pazia ni lile la bluu. Dorcas alikuwa nyuma yangu, na mimi nilikuwa nimejiambia leo huu mdomo ni wa kunywa chai tu. Tabitha akaanza na manyunyu, vidole vyepesi, macho yamelegea kidogo, unaona kabisa utaenda zako bila mwavuli. Mvua ya kawaida, unatafuta mwavuli. Alipofika mvua kubwa Kevo alirudi nyuma na kamera.

"Manze, mathe. Mimi nikiona hiyo naenda home."

Bosi alichungulia, akasema itatisha watu. Nilijibu, "Ndio kazi yake." Sijawahi kumjibu bosi hivyo kabla, wala baadaye.

Lakini kurekodi si kuamini. Tabitha aliniambia kwaheri pale ngazini, na nilipomwuliza kama sasa ataweka app tena alitikisa mkono hivi, tutaona. Punda mwingine alipatikana, kina mama wa Gilgil walichanga. Tabitha alisema huyo mpya anaogopa hata maji ya kunywa, ana akili kuliko ofisi yetu. Na mimi sikujua kama ameweka app ama hajaweka. Kumwuliza niliona ni kumlazimisha aseme ndio, na hiyo nilikuwa nimekatazwa.

Mvua fupi zikafika. Ilikuwa Jumamosi, niko nyumbani. Onyo lilitoka adhuhuri, mvua kubwa, upande wa Longonot mpaka Nakuru. Nikafungua video, nikamwona Tabitha na uso wake, mashavu yamejaa, macho yamekunjwa. Nikaifunga. Nikaifungua tena. Nikahesabu. Saa hii yuko senta. Saa hii anafunga mitungi. Nikampigia Dorcas, hajui kitu. Nikawatuma watoto dukani ndio nibaki peke yangu niombe, na nikiomba naishika simu, na kila mara naangalia ile video, ule uso, kama ni yeye mwenyewe ananiambia vile anaendelea.

Saa kumi mvua ikaanza kupiga mabati. Mabati yetu ni ya zamani, huwezi kusikia mtu akiongea. Nikasema leo sote ni viziwi.

Saa kumi na moja simu ikatetemeka. Video. Nilikuwa naogopa kuifungua.

Ni Tabitha, amesimama mbele ya duka moja la senta, upande ule mwingine wa korongo, na nyuma yake kwa mbali yale maji ya rangi ya chai yanapita, yamebeba miti. Punda yuko kando yake amefungwa kwa nguzo, mitungi iko mgongoni, hata hajaifungua. Hakuvuka. Wakati huo nilikuwa najua ishara kidogo. Alisema, nitalala kwa rafiki. Alisema, punda anasema asante. Halafu akapitisha kiganja usoni, paji mpaka kidevu, ananiita kwa jina langu, na akauliza kitu kimoja na nyusi zimepanda.

Nilirudia mara mbili ndio nipate. Alikuwa ananiuliza, wewe umeanua nguo?

Nikaangalia nje kwa dirisha. Uniform zote za watoto, za shule mbili, na shuka, na suti ya kanisa ya baba yao, zilikuwa kwa kamba zinachuruzika kama zimetolewa mtoni. Nilikuwa nimeiangalia ile video tangu adhuhuri, hata sijui mara ngapi. Mtu angeniuliza kama nimeelewa, ningemwambia nimeelewa kabisa.